Tezo huacha vibanzi, grainda huacha vumbi

Maji yalikuwa yamekupwa, boti imeegemezwa kwa magadi kwenye mchanga wa upande wa Wiyoni, hapa Lamu, na mpwa wangu amechuchumaa chini ya tumbo lake akiparuza faiba iliyopasuka, ile ya nyuzi za kioo, kwa grainda, mashine ya kusagia. Kichwani amejifunga kikoi, puani amezungusha shali ya mamake aliyoilowesha maji. Alipozima mashine ili anisalimie, nilimwona nyusi nyeupe kama za mzee wa miaka 80. Kwenye malaika ya mikono yake kulikuwa na unga mwembamba uliometameta juani, na kila alipoupangusa kwa kiganja alikuwa anausugua uzidi kuingia ngozini. "Shikamoo, mjomba," akasema. Akateremsha shali hadi shingoni, akavuta pumzi ndefu. Nyuma yake wingu lilikuwa halijatua.

Pumzi ile ndiyo iliyonikalisha kuandika. Mashine ilipokuwa ikinguruma alijifunika. Iliponyamaza akajifunua, kwa imani kwamba hatari imenyamaza pamoja nayo. Kumbe mashine inapozimwa, chembe nzito zimeshaanguka mchangani. Zinazobaki hewani ni zile nyepesi kabisa, ambazo jicho halizioni, na hizo ndizo ziwezazo kupita pua na koo zikafika chini kabisa ya mapafu. Katika hewa iliyotulia, chembe ya mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, huchukua saa kadhaa kushuka kutoka usawa wa pua ya mtu hadi chini. Ufuoni upepo huitawanya. Ndani ya banda la makuti lililozungushiwa turubai ili jua na mvua visiharibu resini, gundi inayogandisha faiba, hakuna wa kuitawanya. Anayetaka kuona ukubwa wa jambo lenyewe na aingie banda la namna hiyo saa tisa alasiri, nusu saa baada ya grainda kuzimwa, atazame mwali wa jua unaopenya kwenye tundu la makuti. Mle ndani ya mwali ataona chembe zikielea bila haraka yoyote, na hizo ni zile tu ambazo mwali unaweza kuzionyesha.

Sisi wa Lamu hatukuzaliwa na kazi hii, tulizaliwa na tezo. Matondoni hadi leo utamkuta fundi akichonga taruma la jahazi kwa tezo, na mabaki ya kazi yake ni vibanzi vinavyomwangukia miguuni, watoto wakaviokota kuwa kuni. Hata kulainisha kulikuwa kwa mkono: msasa ni jina la mti kabla ya kuwa jina la karatasi ya dukani, na majani yake yenye kukwaruza ndiyo yaliyong'arisha milango na vitanda vya wazee wetu. Sisemi mbao haina vumbi. Inalo, na mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitia vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani. Lakini tezo hufanya kazi kwa pigo, nalo pigo huzaa kipande. Sahani ya grainda ndogo huzunguka mara kama 11,000 kwa dakika, na mzunguko huo huzaa unga. Tumebadilisha chombo na malighafi, ila mwili wa fundi umebaki na mazoea ya tezo: kuinama karibu na kazi, kupuliza kwa mdomo ili uone mstari, kujipangusa kwa kiganja, kula papo hapo chai ya saa nne ikifika. Kwa mbao ya jahazi mazoea hayo hayakuwa na gharama kubwa. Kwa faiba yanayo.

Faiba ni kioo kilichovutwa kuwa nyuzi, nyuzi zikatandazwa kuwa mkeka, mkeka ukaloweshwa resini ya poliesta iliyotiwa hadina, dawa ya kuigandisha, vyote vikagandana. Mabarazani nasikia kauli mbili juu yake. Ya kwanza: faiba ni asbesto nyingine, aigusaye atakufa kwa saratani. Ya pili: ni kioo tu, na gilasi za kioo tunanywea sharbati kila siku. Zote mbili zinawapoteza vijana wetu, na ya pili inawapoteza zaidi kwa sababu inawapa raha.

Tofauti iko katika namna uzi unavyovunjika. Uzi wa asbesto hupasuka kwa urefu, kama ukindu unavyochanwa, kila mchano ukitoa uzi mwembamba kuliko wa kwanza, mpaka ukafikia wembamba wa kuingia ndani ya pafu na kukaa humo miaka 20, 30, 40 kabla ugonjwa haujajitokeza. Uzi wa kioo hukatika kama muwa: unakuwa mfupi, lakini unene wake ni ule ule. Nao unene wa uzi mmoja wa mkeka wa boti ni mikroni kama 10 hadi 20, wakati nyuzi zinazohofiwa kwa mapafu ni zile zilizo nyembamba kuliko mikroni 3. Ndiyo maana mwaka 2002 IARC iliziweka nyuzi ndefu za kioo za aina hii kwenye kundi la vitu ambavyo ushahidi wake hautoshi kuviita visababishi vya saratani. Asbesto ya kila aina imo kundi la kwanza, lisilo na shaka.

Wengi hufunga mjadala hapo, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Grainda haisagi nyuzi peke yake. Inasaga resini iliyoganda, inasaga poda iliyotumika kuziba mashimo, inasaga rangi ya chini ya boti, ambayo kwa kawaida hutiwa shaba iwe sumu kwa viumbe wanaoganda kwenye chombo. Uzi unaweza kuwa mnene wa kuishia kooni. Unga wa resini na rangi haufungwi na kipimo hicho. Na huo uzi mnene wenyewe, hata kama hausababishi saratani, hudunga ngozi, huwasha macho yakawa mekundu hadi usiku, hukereta koo. Mwenye pumu huuhisi upesi zaidi. Kumwambia kijana wa miaka 22 kwamba kitu hakijathibitishwa kuwa na saratani, halafu kumwacha akohoe kila msimu, si kumhurumia.

Kuna adui wa pili ambaye huchanganywa na wa kwanza: mvuke. Resini ya poliesta mbichi ina kemikali iitwayo stirini, thuluthi yake au zaidi, na harufu ile kali inayoleta maumivu ya kichwa na kizunguzungu ndiyo hiyo. Mwaka 2018 IARC iliipandisha stirini hadi kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Kichujio cha vumbi hakizuii mvuke hata kidogo, wala kichujio cha makaa cha kuzuia mvuke hakitoshi kwa vumbi kikiwa peke yake. Nimewaona mafundi wakivaa barakoa ya vumbi siku ya kupaka resini, wakiamini wamejikinga. Hadina nayo, tone moja likiingia jichoni laweza kuharibu jicho moja kwa moja, kwa hiyo miwani ya kazi inayofunika pembeni ivaliwe kabla kopo halijafunguliwa, na maji safi ya kuoshea yawe karibu.

Sasa hiyo shali. Kitambaa kilicholowa hushika mchanga na chembe kubwa, na humpa mvaaji hisia ya ubaridi anayoidhania ulinzi. Hewa hupita pale penye njia rahisi, yaani pembeni mwa pua na chini ya kidevu. Barakoa za bluu za wakati wa Korona ni vivyo hivyo. Zilitengenezwa kuzuia mate ya mvaaji, si vumbi la grainda. Kinachofaa ni barakoa ya daraja la N95 au FFP2 kwa uchache, au bora zaidi kipumulio cha mpira cha nusu uso chenye vichujio viwili vinavyobadilishwa, na kimbane usoni pasiwe na mwanya.

Pasiwe na mwanya. Maelekezo ya viwandani yakifika hapa humaliza kwa neno moja: nyoa. Lamu neno hilo halitoshi. Kwa wengi wetu ndevu ni sunna, na hakuna fundi atakayezinyoa kwa ajili ya boti ya mtu. Ukweli wa hewa nao haubadiliki kwa heshima: nywele zikipita chini ya ukingo wa barakoa, vumbi linapita. Zipo kofia zinazofunika kichwa chote na kupulizia hewa iliyochujwa kwa kijimota cha betri, hizo hazidai uso ulionyolewa, lakini bei yake ni ya juu sana kwa fundi wa ufuoni. Mimi nayachukulia haya kuwa hoja nzito kuliko zote ya kuacha kutegemea pua. Barakoa iwe ngome ya mwisho. Vumbi lizuiwe pale linapozaliwa.

Na linazuilika, tena kwa njia ambazo mafundi wazuri wanazijua na wavivu wanazipuuza. Kingo za faiba hukatwa kwa kisu zikiwa zimeshikana lakini hazijakauka sawasawa. Kwa saa hiyo moja ya kuvizia resini, unaepuka asubuhi nzima ya grainda siku ya pili. Juu ya tabaka la mwisho hutandazwa kitambaa cha nailoni ambacho hubanduliwa resini ikishakauka, kikaacha uso wenye mkwaruzo tayari kupokea tabaka jingine. Hapo msasa hauhitajiki kabisa, na vumbi ambalo halikuzaliwa halihitaji kichujio. Pale panapolazimu kulainisha, upo msasa wa maji, ule mweusi, wa kusugua kwa mkono huku ukimwagia maji. Ni wa polepole, ndiyo. Mashine ya msasa yenye bomba la kufyonza vumbi hufanya kazi hiyo haraka zaidi. Ila tusifanye kosa la kumwagia maji grainda ya umeme wa waya. Tutakuwa tumemwokoa mtu na vumbi tukamuua kwa umeme. Maji ni kwa msasa wa mkono na kwa mashine za hewa ya kompresa.

Tunao pia upepo, ambao hapa kila mtoto anausoma kabla hajasoma gazeti. Kusi ikivuma, kaskazi ikivuma, fundi akae joshini, upande upepo unakotoka, na vumbi liende demani, upande unakoelekea. Ajabu ni kwamba manahodha ambao hawawezi kukosea joshi na demani wakiwa baharini, wakishavuta chombo nchi kavu wanakiegemeza popote penye nafasi. Na demani nako kuna watu. Siku ile ya mpwa wangu, demani kulikuwa na mama anayeuza mahamri chini ya mwarobaini, na hatua chache mbele yake watoto watatu wakisubiri kaka yao atoe punda majini.

Nimesema mengi kuhusu maji, na kuna jambo la kwetu linalonirudia. Mtepe, chombo cha visiwa hivi kilichotoweka mwanzoni mwa karne iliyopita, haukuwa na msumari kwenye mbao zake. Ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Makumbi hayo yalifukiwa kwenye tope la ufuoni miezi kadhaa, kisha yakapondwa yangali na unyevu, ndipo nyuzi zikasokotwa. Pamba ya kalafati nayo ilitiwa mafuta kabla ya kugongwa kwenye maungo ya mbao. Sidai kwamba wazee waliloweka makumbi kwa kuyahurumia mapafu. Waliyaloweka ili nyama ya kumbi ioze na nyuzi ziachane. Lakini karne kwa karne nyuzi zilipita mikononi mwa watu wa pwani hii zikiwa zimelowa, na uzi uliolowa haupai. Sisi ndio kizazi cha kwanza kuzishika nyuzi kavu kwa mashine.

Naijua kazi hii kwa ngozi yangu pia. Kabla ya kuanza kuandika nilifanya kibarua cha wiki tatu kwenye karakana moja ya boti. Siku ya kwanza mwenyewe alitugawia barakoa za karatasi, moja moja, na hizo hizo ndizo tulizomalizia nazo wiki ya tatu, zimegeuka rangi. Jioni tulijipulizia kompresa kutoa vumbi kwenye nguo, tukicheka, kumbe tunalirudisha lote hewani tukalivuta upya. Nilikuwa narudi nyumbani na nguo zile zile. Mke wangu akazifua kwenye beseni moja na nguo za mtoto, aliyekuwa na miezi minane. Siku tatu mtoto alijikuna shingo na mapaja, hatulali, tunampaka mafuta ya nazi tukidhani ni joto. Mama mkwe ndiye aliyeichukua fulana ya mtoto, akaipeleka dirishani penye jua, akaniita: "Hebu tazama hapa." Ilikuwa inametameta.

Tangu hapo nikisikia mtu anasema hatari za kazi ni za mwanamume na riziki yake, humjibu kwa habari ya fulana ile. Nguo za faiba zivuliwe kazini, ziondolewe vumbi kwa kufyonzwa au kuloweshwa, zifuliwe peke yake na beseni lisuuzwe. Mwili uoshwe kwa maji ya baridi kwanza bila kusugua. Uzi uliodunga ngozi hutolewa kwa kubandika utepe wa gundi na kuubandua, si kwa kukuna. Na asetoni si sabuni ya mikono. Huondoa mafuta yote ya ngozi ikaacha mlango wazi.

Haya hayaishii ufuoni. Mpeketoni na Hindi, katika kaunti hii hii ya Lamu, kunalimwa pamba, na pamba kavu inapochambuliwa na kufungashwa hutoa vumbi lake, lenye ugonjwa wake unaojulikana duniani kwa dalili moja ya kushangaza: kifua hubana siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko, kisha kikalegea wiki ikiendelea, hata mgonjwa akadhani amepona. Huko Marekani mwaka 1978 waliweka kikomo cha mikrogramu 200 za vumbi la pamba kwa kila meta moja ya ujazo wa hewa katika kazi ya kusokota uzi, na viwanda vikalazimika kufyonza vumbi kwenye mashine badala ya kulaumu vifua vya watu. Anayefanya kazi kwenye pamba, au kwenye magodoro ya sufi, na akaona Jumatatu yake ni nzito kuliko Alhamisi, amweleze daktari kazi anayofanya. Daktari asiyeambiwa hatajua kuuliza. Kuhusu mapaa ya zamani ya asbesto sitasema mengi: Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, na paa lililobaki halikatwi, halitobolewi, wala halivunjwi na fundi wa mtaani. Hilo ni la wenye kibali na vifaa.

Sheria yenyewe ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haihesabu kiwanda chenye kuta peke yake kuwa mahali pa kazi; ardhi na chombo pia vimo, na kwa hiyo ufuo umo. Inamtaka mwajiri achukue hatua zinazowezekana watu wasivute vumbi lenye madhara, na vifaa vya kujikinga atoe yeye bila kumkata mfanyakazi. Hata aliyejiajiri ana wajibu juu ya usalama wake na wa wanaomzunguka, akiwemo mama wa mahamri. Kinachotukwamisha ni swali la nani mwajiri. Mwenye boti humpa fundi kazi kwa mapatano ya bei moja, fundi huita vijana wawili kwa kibarua cha siku, na barakoa haimo kwenye hesabu ya yeyote. Mwenye boti hununua faiba, resini, hadina na msasa, na asubuhi huleta chai. Naye halali akisikia injini yake imekohoa. Kwa maoni yangu mzigo huu ni wake kwanza, kwa kuwa yeye ndiye anayeshika bei. Vichujio, miwani, turubai na siku ya ziada ya msasa wa maji viandikwe kwenye mapatano pamoja na resini. Fundi anayepunguza bei kwa kuviacha nje anawauzia watu mapafu ya vijana wake, na namwambia hivyo nikiwa namheshimu kwa ufundi wake.

Na BMU zetu, vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, zilizopewa nguvu tangu 2007 kufanya kazi hiyo na kujitungia sheria ndogo, zinaweza kuanza bila kusubiri mtu yeyote kutoka Nairobi: zitenge sehemu moja ya kusagia faiba, demani ya mahali samaki wanaposhushwa na watu wanapokula, ihame msimu wa upepo unapogeuka. Kila ufuo una wazee wanaojua sehemu hiyo ni ipi.

Juzi nilipita tena Wiyoni. Boti ni ile ile, imegeuzwa ubavu, chini yake limetandazwa turubai lenye maji yaliyogeuka maziwa kwa msasa. Mpwa wangu alikuwa amevaa kipumulio cha mpira tulichokinunua kwa kuchangiana, na bado anabishana nacho kwa sababu ya ndevu. Aliponiona nakuja alinyoosha mkono kunizuia. "Pita huku joshini, mjomba." Kazi imechukua siku mbili zaidi ya zile walizopatana. Mwenye boti amekuja mara moja kuuliza kwa nini, na mpaka naondoka walikuwa hawajaelewana nani atazilipa.